Unashuka Wapi?

Mstari wa njano ulionekana kwanza chini ya kitanda cha Bi Mkubwa. Binti yake alikuwa anafagia, akadhani ni utepe wa kufungia mizigo uliosahaulika tangu walipohamia. Akainama auokote. Ulikuwa rangi.

Jengo zima lilimwita binti huyo Mama Rangi, kwa kuwa riziki yake ilikuwa kupaka nyumba za watu, na kwa kuwa hata siku ya mapumziko hakukosa doa mahali, sikioni au kisiginoni. Rangi alizijua. Ile ya chini ya kitanda ilikuwa rangi ya barabarani, nzito, yenye chembechembe za kioo ndani yake, ambayo hakuna mwenye akili zake anayeipaka chumbani. Tena ilikuwa imechakaa, kama iliyokanyagwa na magurudumu miaka na miaka. Sakafu yenyewe ilikuwa mpya, hata harufu ya saruji ilikuwa haijaisha.

Akaikwangua kwa kisu cha kazi, akapaka praima, ile rangi ya msingi, akarudisha kitanda. Kesho yake mstari ulikuwa umerudi na kurefuka hadi mlangoni.

Hakumwambia mtu. Rangi ya zamani huweza kupenya rangi mpya na kutokeza juu, hilo kila fundi analijua. Lakini haipandi hadi ghorofa ya tatu.

Pale lilipojengwa jengo hilo, zamani palikuwa yadi ya mabasi. Eneo lilikuwa la shirika la usafiri la mji. Mabasi yaliingia magharibi, yakaoshwa, yakalala, yakaondoka kabla ya jua. Yadi ilipohamishiwa nje ya mji, pakabaki matairi na mbwa, hadi baraza la mji lilipolibana shirika lijenge nyumba za watu wa kipato kidogo. Likajenga: ghorofa nne, korido ndefu, ngazi moja, na kodi ambayo hata mpaka rangi kama yeye angeimudu. Wako waliosema kodi ndogo namna ile haikosi kasoro. Mama Rangi alijibu kwamba kasoro za nyumba ndizo zinazompa ugali.

Alikuwa amehama tangu akiwa mtoto mgongoni. Mara nyumba imeuzwa, mara mtoto wa mwenye nyumba anaoa, mara kodi imepandishwa kwa watu wasioweza kupanda nayo. Sasa mama yake alikuwa anapoteza kumbukumbu, na kila walipohama alipoteza kipande kingine. Walipohama mara ya mwisho, alisahau jina la marehemu mumewe. Kwa hiyo siku ya kukabidhiwa funguo Mama Rangi alijiapia jambo moja tu: hapa hatoki.

Siku hiyo meneja wa nyumba wa shirika alisimama mbele ya lango akahutubia. Alikuwa mtu wa mabasi tangu ujanani na alikuwa na utani wake wa mabasi.

"Sisi kazi yetu ni abiria," alisema. "Na ninyi kuanzia leo ni abiria wetu. Abiria hupanda, abiria hushuka. Kwa hiyo msije mkaanza kunigongomea misumari ukutani."

Watu wakacheka, maana funguo zilikuwa bado mkononi mwake. Nyuma yake, ndani ya jengo lisilo na mtu, kitu kikagonga bati mara mbili, kama kondakta anavyogonga kumwambia dereva aondoe gari. Mama Rangi alidhani ni mafundi.

Baada ya mstari ikaja harufu. Ilikuja magharibi, saa ile ile ambayo mabasi yalikuwa yakirudi: dizeli, na breki zilizochomwa na mteremko mrefu. Wapangaji wakalaumiana kuhusu majiko. Kisha wakaizoea, kama watu wanavyozoea jirani mwenye kelele.

Halafu familia ya Baba Pacha ikatoweka.

Walikaa mlango wa pili kutoka kwa Mama Rangi. Nesi, aliyekaa katikati yao, alirudi kazini jioni akakuta mlango uko wazi, maharage yanaungua jikoni, televisheni inasema peke yake. Akazima jiko, akaita, hakuitikiwa. Akapiga simu. Baba Pacha akapokea kwa sauti ya chini, kama mtu aliye na mgonjwa ubavuni, akasema wako kwa mama mkwe, ng'ambo ya mji.

Aliyoeleza, Nesi aliyarudia kwa Mama Rangi wakiwa wamesimama kwenye ngazi. Walikuwa wanakula. Wakasikia sarafu zikichezeshwa kiganjani huko koridoni, zinakaribia, zinasimama mlangoni. Sauti ikauliza: "Unashuka wapi?" Mke wake akadhani ni Nesi anawatania, akajibu anashuka kwa mama.

"Halafu wakawa kwa mama," Nesi alisema. "Njia haikumbuki. Anasema mtoto mmoja alifika na kijiko mdomoni."

"Na wanarudi lini?"

"Amesema vyombo tugawane."

Mzee Cherehani wa ghorofa ya chini alilisikia hilo na akalifurahia. Alikuwa fundi wa nguo, mjane, hodari wa kuwachekesha akina mama waliokuja kupunguza viuno vya magauni, kisha wakarudi kuviongeza. Alimwita huyo wa koridoni Kondakta, na jina likashika. Alisema yeye akiulizwa jibu analo tayari.

"Nitamwambia nashuka mwisho wa gari. Nauli nimelipa yote, niteremke katikati kwa nini?"

Walicheka hadi Nesi akashika ukuta. Jioni iliyofuata cherehani yake haikusikika. Walimkuta kwenye kiti, amevaa viatu, kofia iko magotini, mikono juu ya kofia, uso umeelekea dirishani, kama mtu aliyesafiri mbali na sasa anangoja mlango ufunguliwe. Daktari alisema ni moyo. Hakuna aliyebishana naye, na hakuna aliyecheka tena kwenye ngazi.

Ndipo watu walipoanza kuondoka. Wengine walibebwa na jibu lao, wengine walibeba magodoro yao wenyewe mchana kweupe. Meneja alikuja kuangalia, leso puani, viatu vinang'aa. Alisema ni mifereji ya maji machafu. Alisema pia, bila kuulizwa, kwamba vyumba vikizidi kuwa vitupu shirika lina haki ya kulivunja jengo na kurudisha eneo kwenye kazi yake. Pangefaa sana kwa maegesho ya magari.

"Na sisi tuliobaki?" Mama Rangi aliuliza.

"Abiria wakishuka, gari linarudi gereji, mama. Msinikasirikie. Mimi hapa napita tu."

Hilo lilikuwa neno lake. Alilisema akiingia, akalisema akitoka.

Wapangaji wakamleta mganga. Alikuja na mkoba wa ngozi na sauti nzito, akakagua ngazi, akaonja vumbi la korido kwa ncha ya ulimi, akasema huyo ni jini wa njia. Jini wa njia, alieleza, hajui maana ya kukaa. Miaka yote amelala na vitu vinavyoingia jioni na kuondoka alfajiri, na ninyi mmeletwa kwake mkaitwa abiria. Sasa anafanya kazi aliyoizoea. Akawaonya: asijibu mtu. Akawasha ubani, akakaa katikati ya korido, akangoja magharibi.

Walisikiliza nyuma ya milango. Sarafu zikaja. Mganga akanguruma, akaamuru, akataja mababu wa jini mmoja baada ya mwingine, akamalizia kwa kelele, "Shuka! Nasema shuka!"

Sarafu zikasogea karibu naye. Sauti ikauliza, kwa upole kabisa, "Wewe unashuka wapi?"

Na mganga, ambaye maisha yake yote alikuwa amepanda mabasi kama mtu mwingine yeyote, akajibu kabla hajafikiri. "Sokoni."

Walifungua milango wakakuta ubani unafuka na mkoba uko peke yake. Nesi alimwona siku nyingine karibu na vibanda vya nyanya. Alipogundua ameonekana, akavuka barabara. Mkoba alimtuma mtu auchukue, na mtu huyo alikataa kupanda ngazi. Ilibidi wauteremshe kwa kamba.

Waliobaki wakashika agizo moja la mganga, lile la kutojibu. Magharibi jengo lilikuwa kama lisilo na watu. Sufuria ziliepuliwa, redio zikazimwa, watoto wakawekwa mapajani na kufungwa midomo kwa viganja. Kondakta alipita mlango kwa mlango, akauliza, akasubiri, akaenda.

Tatizo la Mama Rangi lilikuwa mama yake. Kila jioni, kama kuna kengele ndani yake, Bi Mkubwa alikuwa anachukua mtandio wake na kukaa ukingoni mwa kitanda. "Haya mwanangu," alikuwa akisema. "Twende nyumbani." Nyumba aliyoikusudia ilikuwa ile aliyoolewa akiwa ndani yake, na ile ilikuwa imebomolewa zamani ikapita barabara juu yake, ya njia nne. Mama Rangi aliwahi kupita hapo. Mahali pa chumba cha wazazi wake palikuwa na magari yanayokwenda kasi usiku na mchana.

Alijua mama yake angejibu nini akiulizwa. Na alijua jibu lile lingempeleka wapi.

Kwa hiyo magharibi alimlisha. Alimpa uji polepole ili mdomo usipate nafasi, akamsimulia habari zisizo na kichwa wala miguu, akamchana nywele. Mstari wa njano nao ulikuwa umezunguka. Ulitoka mlangoni, ukakata kona, ukarudi kandokando ya ukuta, na ndani ya mistari hiyo kitanda cha Bi Mkubwa kilikaa sawasawa kama basi lililoegeshwa. Chini ya kitanda ilianza kujitokeza namba.

Jioni moja Kondakta hakupita.

Sarafu zilikuja kama kawaida, zikauliza kwa Nesi, zikakosa jibu, zikafika mlangoni kwa Mama Rangi, na hapo, badala ya kungoja nje, zikaendelea kulia upande wa ndani, ingawa komeo lilikuwa limefungwa na hakuna kilichofunguka, zikalia karibu na meza, karibu na kabati, karibu na kitanda, kwa sababu abiria asiyejibu akiulizwa mara nyingi kondakta humfuata hadi alipokaa, na sasa harufu ya breki ilijaa chumba hadi macho yakatoa machozi, na sakafu ikaanza kutetema, si kama tetemeko bali kama injini inayonguruma mahali pamoja, vikombe vikagongana kabatini, kijiko kikatambaa mezani chenyewe hadi kikaanguka, na Mama Rangi, ambaye kiganja chake kilikuwa mdomoni mwa mama yake na mkono mwingine umemkumbatia kiunoni, akatazama dirishani akaona taa ya duka la mbele inasogea. Ilisogea taratibu, ikatoka kwenye kioo. Ikafuata taa nyingine, na ukuta asioujua, na mti, na watu waliosimama kandokando ya barabara wakitazama juu bila kushangaa, kama wanaongoja gari lao na wameona kwamba hili silo.

Nyumba ilikuwa imeondoka.

"Unashuka wapi?" sauti ikauliza, sikioni.

Bi Mkubwa alikuwa anajitikisa chini ya kiganja. Mama Rangi akamwangalia, akaona macho yake yamemtoka, akajiona na yeye pia: mtoto anamziba pumzi mama yake, ndani ya nyumba yao, magharibi, kwa hofu ya mwenye nyumba mwingine. Walikuwa wamenyamaza kwa kila mwenye nyumba aliyewafukuza. Walikuwa wamefunga mizigo kwa adabu, wakashukuru, wakaondoka. Hofu ilikuwepo, haikwenda popote, lakini kitu kingine kikaja kikakaa juu yake. Akaondoa mkono.

"Nyumbani," Bi Mkubwa akasema papo hapo, akihema. "Nashuka nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Bi Mkubwa akafungua mdomo. Binti yake aliona jina la mtaa ule wa barabara ya njia nne likitafutwa, likipatikana, likija kwenye ulimi.

Akanyanyua mkono wake akaupiga ukuta kwa kiganja wazi, mara mbili, kwa nguvu zake zote, kama abiria anavyopiga bodi ya basi linalotaka kumpitiliza.

"Hapa," alisema. "Shusha hapa."

Sarafu zikanyamaza.

"Hapa si kituo," sauti ikasema.

"Leo ni kituo. Shusha."

"Hapa watu hawashuki. Hapa magari hulala, kisha yanaondoka."

"Magari yamehamia kwingine, kayafuate ukitaka. Mimi na mama yangu tumefika. Ukuta huu nimeupaka mwenyewe, mara mbili, na praima chini yake. Simamisha gari."

Injini ikaongeza mngurumo. Taa za dirishani zikaanza kukimbia. Mama Rangi akaupiga ukuta tena, na tena, na kutoka upande wa pili wa ukuta ule ule akasikia kiganja kingine kinajibu.

"Na mimi hapa," sauti ya Nesi ikasema. "Shusha hapa, bwana. Nimechoka."

Kisha mtu wa chini. Kisha wa juu. Mwanamume mmoja wa ghorofa ya nne, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia hata akisalimia, alikuwa akipiga ukuta na kusema shusha, shusha, shusha, kama mwenye deni na neno hilo. Watoto waliokuwa wamezibwa midomo walipiga kwa visigino. Jengo lote likawa kiganja. Ikaja kelele ya breki, ndefu, ya kukata meno, na vyombo vyote vilivyokuwa juu ya kitu vikaanguka mbele kwa pamoja.

Taa ya duka ilikuwa dirishani, mahali pake.

Mahali fulani mlango wa hewa, kama wa basi, ukafyonza na kufunguka, ingawa jengo halikuwa na mlango wa namna hiyo. "Haya," sauti ikasema, na ilikuwa imechoka kama ya mfanyakazi yeyote mwisho wa zamu. "Shukeni."

Hakuna aliyejua afanye nini. Walikuwa tayari wamesimama ndani ya vyumba vyao. Bi Mkubwa ndiye aliyejua. Alimshika binti yake mkono, akajitanda mtandio, akanyanyua mguu juu kidogo kama mtu anayeteremka kwenye ngazi ya basi, akaukanyaga sakafuni.

"Angalia hapo panapoteleza," alimwambia binti yake. Kisha akageuka nyuma. "Ahsante, kondakta."

Asubuhi mistari ilikuwa imefutika. Mama Rangi alichukua nyundo na msumari mrefu, akaupigilia katikati ya ukuta mzuri kuliko zote, akatundika picha ya baba yake. Bi Mkubwa akaitazama kwa muda, akataja jina la mumewe. Kabla Mama Rangi hajaweka nyundo chini, Nesi alikuwa mlangoni anaiazima, na kutoka kwa Nesi ikaenda kwa mwingine. Siku ile nzima jengo lilipigiliwa misumari.

Baba Pacha na familia yake walirudi baada ya kufundishwa jibu. Pacha waliugonga ukuta hadi wakakatazwa. Na wengine wakarudi. Kondakta bado alipita magharibi, akauliza, wakamwambia hapa, akapiga bati, akaenda. Hakuwa amefukuzwa. Walikuwa wamekubaliana tu kuhusu kituo.

Habari za misumari zikamfikia meneja. Alikuja jioni akiwa na simu sikioni, anamwambia mtu kwamba mpango wa maegesho uko palepale, vyumba bado vingi ni vitupu, na hawa waliobaki wameharibu kuta za shirika, sababu ipo. Alikuwa amefika ghorofa ya tatu sarafu zilipoanza kulia nyuma yake.

Mama Rangi akafungua mlango wake. Aliona mgongo wa meneja na viatu vyake vinavyong'aa. Nyuma yake hakuona kitu, ila korido ilikuwa nyembamba kuliko kawaida.

"Bosi," alisema, kwa sauti ya chini. "Akikuuliza, mwambie hapa. Sema hapa tu."

Meneja akampungia mkono wa subiri kwanza.

"Unashuka wapi?" sauti ikauliza.

"Bosi, sikiliza."

"Jamani," meneja akasema bila kugeuka, akiwajibu wote wawili, "mimi napita tu."

Simu ilianguka sakafuni. Kwa muda iliendelea kusema haloo, haloo, kisha mtu wa upande wa pili akakata.

Polisi walikuja wakaandika. Gari lake lilikaa langoni hadi likavutwa. Shirika lilimteua meneja mwingine, ambaye hupokea kodi akiwa nje ya lango na hajawahi kuulizia misumari. Maegesho hayatajwi.

Magharibi, baada ya Kondakta kupiga bati, hupita hatua za viatu vya ngozi. Hupanda ngazi kutoka chini, hupita ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na huendelea kupanda, ingawa juu ya ghorofa ya nne kuna paa. Kisha huanza tena kutoka chini. Bi Mkubwa huuliza huyo ni nani, na binti yake humjibu kwamba ni mtu anapita.

Siku nyingine Mama Rangi humhurumia. Hufungua mlango, akasema kwenye korido iliyo tupu, "Bosi, teremka hapa. Nafasi ipo." Hatua husita mbele yake, karibu kiasi kwamba anasikia ngozi ya kiatu ikilia. Kisha sarafu zinacheza, na hatua zinaendelea kupanda.

Naye hufunga mlango wake.